Lindisfarne, Uingereza: kwa nini watawa walichagua mahali ambapo bahari inafunga njia mara mbili kwa siku?

#1 Kibo_Kaskazini

Wakuu salaam.

Niko Newcastle mwaka wa tatu sasa, na Jumamosi iliyopita ndiyo nimefika Lindisfarne kwa mara ya kwanza. Wenyeji wanakiita Kisiwa Kitakatifu. Kipo pwani ya Northumberland, kaskazini mashariki kabisa mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Scotland. Kutoka bara kuna barabara ya lami kama kilomita 5 inayopita kwenye mchanga na matope ya bahari. Maji yakipwa unapita na gari lako kama kawaida. Yakijaa barabara inazama, na kisiwa kinabaki peke yake kwa saa nyingi. Mara mbili kila siku.

Tulivuka asubuhi. Mwani mbichi ulikuwa bado umelala juu ya lami, na kila gari lililotutangulia liliuchana kidogo. Njiani kuna kibanda cheupe cha mbao juu ya nguzo ndefu, kina ngazi. Mke wangu akauliza cha nini. Ni cha kukimbilia ukizidiwa na maji. Akanyamaza mpaka tulipofika ng'ambo.

Magofu ya monasteri ni ya mawe mekundu, na upepo wa chumvi umeyala mpaka mengine yana matundu kama sega la nyuki. Juu kabisa umebaki ubavu mmoja wa dari, umepinda hewani kutoka pembe moja hadi nyingine, hakuna kilichobaki juu yake wala chini yake. Wanauita upinde wa mvua. Nilisimama chini yake nikashindwa kuondoka.

Halafu sili. Wamelala kwenye fungu la mchanga ng'ambo ya mkondo, mamia, na wanaimba. Sina neno jingine. Sauti inapanda inashuka kama kina mama waliokaa msibani usiku. Tukawasikiliza tukasahau saa. Tulirudi barabarani zikiwa zimebaki dakika kumi muda ufungwe. Maji hayakuja na wimbi. Yalikuja kimya kutoka pembeni, kama chai inavyomwagikia kwenye kisahani. Tulipita salama lakini mikono ilitetemeka mpaka Beal, kijiji cha upande wa bara.

Swali langu: Aidan, yule mtawa kutoka kisiwa cha Iona huko Scotland, alikuja mwaka 635 kwa wito wa Oswald, mfalme wa Northumbria, na mfalme akampa mahali alipopataka mwenyewe. Nchi nzima ilikuwa mbele yake. Kwa nini hapa?

#2 Nahodha_Mstaafu

Kijana, mshukuru Mungu kwanza, halafu niahidi hutarudia. Dakika kumi si muda. Lile jedwali la saa za kuvuka limepigiwa hesabu ya hali ya kawaida. Upepo ukisukuma kutoka baharini maji yanawahi, na bahari haitakuja kukuomba radhi.

Nimekaa baharini miaka thelathini, Unguja na Pemba zaidi. Kwetu bamvua kubwa, yale maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, linakwenda kama mita nne, na huko Northumberland ni karibu hivyo hivyo. Watu wanasikia mita nne wanaona ndogo. Kwenye ufuo wenye mwinuko ndiyo, ndogo. Kwenye tambarare kama hiyo, mita nne za kwenda juu ni kilomita za kwenda mbele. Ndiyo maana yalikutokea pembeni. Maji hayafuati barabara, yanafuata mikondo, na mikondo imeshajaa kabla hujaona kitu. Mnapokuja kushtuka, nyuma kumeshafungwa.

Swali lako la watawa nawaachia wasomi.

#3 ChumaChaPua

Jibu rahisi mkuu: ulinzi. Maji ni ukuta wa bure. Bahati mbaya haukuwasaidia, Wavikingi walikuja Januari 793 wakaivunja monasteri, na hayo ndiyo magofu uliyoyaona. Watawa wakahama.

#4 Mwalimu_Zamani

Chuma, nakuheshimu, ila hapo pana makosa matatu kwenye mistari mitatu.

Kwanza tarehe. Ni kweli Kumbukumbu za Waanglosaksoni zinasomeka Januari, lakini wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba mwandishi aliteleza, na kwamba ni tarehe 8 Juni 793. Hakuna anayevuka Bahari ya Kaskazini kwa mashua ya wazi katikati ya Januari kwa hiari yake.

Pili magofu. Hayo mawe mekundu ni ya karne ya 12, yaani zaidi ya miaka mia tatu baada ya shambulio. Yalijengwa na Wabenedikto kutoka Durham. Wakati wa Aidan na waliomfuata kanisa lilikuwa la mbao. Finan, aliyechukua nafasi ya Aidan, alijenga la mwaloni akaliezeka kwa matete, kwa desturi ya Waairishi. Mbao na matete havikuacha gofu. Aliyeifunga monasteri ya mawe ni mfalme Henry wa Nane, mwaka 1537, na sehemu ya mawe yake yakaenda kujenga ile ngome ya juu ya mwamba.

Tatu kuhama. Waliondoka 875, miaka 82 baada ya shambulio. Wamezaliwa watu, wamezeeka, wamezikwa palepale katikati.

#5 ChumaChaPua

La magofu na la tarehe nimekubali, asante mwalimu. La ulinzi silitoi. Usiangalie Wavikingi, wao walikuja baadaye sana na kwa bahari. Mwaka 635 adui alitoka nchi kavu. Kulikuwa na Penda wa Mercia, mfalme mpagani, aliyefika mpaka Bamburgh, ngome ya wafalme wa Northumbria, akarundika mbao chini ya ukuta akatia moto. Bede, mtawa mwanahistoria wa karne ya 8, anaandika kwamba Aidan aliuona moshi akiwa kwenye visiwa vya Farne. Mtu anayeishi zama hizo angejenga wapi? Mahali ambapo jeshi likitaka kuja lazima lisubiri maji.

#6 Mlelewa_wa_Peramiho

Samahani kuingilia. Nimesoma kwa Wabenedikto huko Ruvuma na kengele ya sala ya alfajiri ilinilea, kwa hiyo jambo hili linanigusa.

Tusimpime mtawa kama tunavyompima jemadari. Watawa wa Kiairishi walijifunza kutoka kwa wale wa jangwa la Misri. Kule Misri mtu alitafuta Mungu kwa kwenda mchangani mbali na watu. Ireland haina jangwa, wakaifanya bahari kuwa jangwa. Iona ni kisiwa. Aidan alitoka kisiwani akatafuta kisiwa. Hata Lindisfarne yenyewe haikumtosha Cuthbert, mtawa wa hapo wa baadaye: kwanza alijitenga kwenye kile kisiwa kidogo cha pembeni, nacho hufunikwa njia maji yakijaa, kisha akaenda Inner Farne ambako hakuna njia ya miguu kabisa. Alipofanywa askofu mwaka 685 ilibidi mfalme mwenyewe aende kumbembeleza. Akafia hukohuko Farne 687. Huyo alitafuta ukuta wa nini?

#7 Kijana_wa_Kibokoni

Wadau, mimi ni wa Mombasa, na nyote mnaongea kama watu wa barabara. Mnaona maji yanafunga. Sisi tunaona maji yanafungua.

Karne ya saba barabara zilikuwa tope na msitu. Mtu wa maana alisafiri kwa mashua. Ukishika ramani utaona Lindisfarne haiko pembeni ya kitu chochote, iko katikati ya pwani yote, na ina bandari ya asili upande wa kusini. Lamu nayo ukiiangalia kwa macho ya Nairobi ni mwisho wa dunia. Ukiiangalia kwa macho ya jahazi ni njia panda. Hao watawa walikaa njia panda, na ndiyo sababu Wavikingi walijua pa kwenda: mahali pa utajiri palipo njiani.

#8 Kibo_Kaskazini

Nashukuru sana, sikutegemea haya yote.

Kijana wa Kibokoni, umenigeuza kichwa. Ila kuna kitu nilikiona kwa macho ambacho hakuna aliyekitaja. Ukisimama karibu na ngome ukatazama kusini, Bamburgh inaonekana wazi kabisa ng'ambo ya maji, kama kilomita 10. Hapo ndipo alipokaa mfalme. Na Bede anasema Aidan alipohubiri kwa Kiairishi, Oswald mwenyewe alikuwa anamtafsiria, kwa kuwa alijifunza lugha hiyo uhamishoni. Mtu ambaye mkalimani wake ni mfalme hawezi kukaa mbali na mfalme. Lakini pia hataki kukaa sebuleni kwake. Labda maji yalimpa kipimo: karibu vya kutosha kuitwa, mbali vya kutosha kusema "njia imefungwa, nitakuja kesho".

#9 Mlelewa_wa_Peramiho

Hilo la "nitakuja kesho" limenifurahisha kaka. Na linalingana na tabia yake. Mfalme mwingine, Oswin, alimpa farasi mzuri, Aidan akampa maskini wa njiani pamoja na hatamu zake zote. Mfalme akakasirika. Mtu wa namna hiyo anahitaji umbali kidogo na ikulu.

#10 Bi_Uroa

Assalaam alaykum. Mie nimesoma uzi wote nasubiri mtu azungumzie ndege, hakuna. Kaka kaenda kwenye hifadhi ya taifa karudi na mawe tu na sili!

Mwanangu anaishi Edinburgh, alinipeleka mwezi wa kumi na mbili. Baridi ile nisiwasimulie. Lakini matope yalikuwa meusi kwa mabata bukini, wadogo, shingo nyeusi, tumbo la rangi ya maziwa ya mgando. Wanatoka Svalbard, karibu na ncha ya dunia, na karibu wote wa kundi lile wanaokuja Uingereza wanakuja hapo. Wanafuata nyasi za bahari. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu, maana ni nyasi za bahari kama zile ninazozikanyaga kila bamvua nikienda kwenye mwani wangu. Zetu wanakula kasa na tasi, zao wanakula mabata.

Na sululu nilimuona! Yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, anachokoa matope. Sauti ileile ya kwetu. Nikasimama na miguu imeganda, nikahisi nimesikia mtu wa nyumbani.

Hilo la kwa nini walikaa hapo, jamani, mwanamke wa pwani asingeuliza. Maji yakipwa, chakula kimeanikwa. Kome, chaza, kaa, samaki wa madimbwi, ndege. Mara mbili kwa siku bahari inafungua ghala.

#11 Nahodha_Mstaafu

Bi Uroa umesema, na mimi nipo upande wako.

Naongeza moja la kiufundi kwa watakaokwenda. Kwetu Unguja siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, na yanapwa asubuhi, ndiyo maana kina mama wanaingia kwenye mwani asubuhi. Huko Lindisfarne siku za bamvua yanajaa mapema zaidi, kama saa nane au tisa alasiri. Kwa hiyo mgeni wa siku hizo anavuka asubuhi, anafungiwa mchana kutwa, anatoka jioni. Siku za maji mafu, yale ya kujaa na kupwa kidogo, mambo yanageuka. Na kila siku muda unasogea mbele kama dakika hamsini. Usitumie jedwali la jana.

#12 Mpenda_Wanyama_254

Kuna hadithi nzuri: Cuthbert aliingia baharini usiku pale Lindisfarne, maji mpaka shingoni, akasali hadi alfajiri. Alipotoka, fisi maji wawili walimfuata mchangani wakampumulia miguu ipate joto na kuikausha kwa manyoya yao.

#13 Mwalimu_Zamani

Hadithi ni hiyo, mahali sipo. Bede anaiweka Coldingham, kaskazini zaidi, ambako Cuthbert alikwenda kumtembelea abesi Æbbe. Mtawa mmoja alimfuata kwa siri gizani ndiyo akaona. Ila ukitaka mnyama wa Cuthbert wa huko visiwani, ni yule bata wa baharini mwenye manyoya laini ya kujazia mito. Watu wa Northumberland mpaka leo wanamuita bata wa Cuddy, yaani wa Cuthbert, kwa kuwa inasimuliwa alikataza watu wasiwadhuru Farne.

#14 Mpenda_Wanyama_254

Asante mwalimu, nimesahihishika. Nilikuwa namsimulia mwanangu "fisi maji wa Lindisfarne", sasa itabidi tuhamie Coldingham.

#15 MamaTumaini_Leeds

Mimi niliona kibao kinaonya kuhusu "piri-piri" kwenye vilima vya mchanga nikamwambia mume wangu, hata pilipili zetu zimefika huku! Kumbe ni mmea kutoka New Zealand, jina ni la Kimaori. Unatambaa chini, una vishada vya duara vyenye kulabu. Tulipotoka soksi za mtoto zilikuwa zimejaa mpaka hazionekani, na mbwa wa jirani yetu wa safari ilibidi akatwe manyoya. Inasemekana ulifika na sufu ya kondoo. Tunaombwa kuzing'oa zote kabla ya kuondoka kisiwani. Tulikaa dakika ishirini kwenye maegesho tunachambua soksi kama mchele. Fanyeni hivyo tafadhali, maana mmea ule unabana mimea ya asili, na pale pana okidi ambayo haipatikani penginepo popote duniani.

#16 Dodoma_Haina_Bahari

Ndugu zangu, mbona hakuna anayeuliza la msingi? Nchi tajiri kama Uingereza inashindwa kujenga daraja la kilomita chache? Magari yanazama kila mwaka, waokoaji wanatolewa, halafu wanaweka kibanda juu ya nguzo. Hapa kwetu tungeshalalamika bungeni.

#17 Kijana_wa_Kibokoni

Dodoma, jina lako limeshajibu 😀

Kisiwa kina watu kama 150 tu, na wageni kwa mwaka ni mamia ya maelfu. Barabara yenyewe ni ya 1954. Kabla yake watu walivuka mchangani kwa miguu na mikokoteni wakifuata nguzo. Ukijenga daraja, wale watu 150 hawatapata tena jioni moja ya peke yao. Na matope yale ni ya mabata wa Bi Uroa.

#18 Dodoma_Haina_Bahari

Sikubali kwamba utulivu wa watu 150 unapimwa na uhai wa mtu. Lakini nimeelewa unakotoka.

#19 Dereva_wa_Usiku_Gateshead

Nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili kwa muda mrefu. Hii imenitoa.

Miaka michache nyuma niliajiriwa kupeleka mizigo. Aliyepanga safari zetu alinipa anwani ya kisiwani saa ambayo hakupaswa kunipa, na mimi sikujua kwamba kuna jedwali. Mashine ya ramani ikaniambia endelea moja kwa moja. Niliona maji membamba juu ya lami nikadhani ni mvua. Mita kama mia mbili mbele injini ikazima. Nikafungua mlango, maji yakaingia yenyewe mpaka kwenye viatu. Baridi ile inauma kwenye mfupa, si kwenye ngozi. Kibanda nilikiona mbele, nikatembea nikishika nguzo za pembeni, maji yakiwa magotini nilipoanza na kiunoni nilipofika ngazi.

Nilikaa humo juu mpaka mashua ya uokoaji ilipokuja. Gari lilikuwa limebaki paa tu. Nilichokumbuka zaidi ni sili mmoja aliyepita chini yangu pale pale ilipokuwa barabara, akatoa kichwa, akanitazama, akaendelea na safari yake.

Watu wanasema wanaozama ni wazembe. Wengine ni wageni waliotumwa na mtu ambaye hajawahi kuiona bahari.

#20 Nahodha_Mstaafu

Pole sana mwanangu. Ulifanya jambo moja sahihi kuliko yote: uliliacha gari mapema. Wengi hukaa wakijaribu kuwasha.

#21 Bi_Uroa

Pole mwanangu. Mungu alikuwa na kazi na wewe.

#22 Hati_za_Kale

Nimechelewa. Naomba niseme la kitabu, maana kimeachwa.

Injili za Lindisfarne ziliandikwa kisiwani hapo mwanzoni mwa karne ya 8, na inaaminika ni kazi ya mkono mmoja, Eadfrith, aliyekuwa askofu wa hapo mpaka 721. Kilatini, juu ya ngozi ya ndama, na kurasa zilizofumwa mistari na ndege mpaka jicho linapotea. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye padri Aldred akaandika Kiingereza cha kale kwa herufi ndogo katikati ya mistari, neno juu ya neno. Ndiyo tafsiri kongwe kabisa ya Injili kwa Kiingereza iliyosalia. Nimezaliwa Lamu, na nilipoiona picha yake nilikumbuka hati za babu: Kiarabu juu, Kiswahili chini yake, kwa kalamu nyembamba zaidi.

Kwa swali la uzi: kazi ya namna hiyo inataka miaka ya ukimya. Natia kura yangu kwa jangwa la dada wa Peramiho.

#23 ChumaChaPua

Na ndama je? Ngozi za kitabu kile ni za mifugo mingi. Huwezi kuwa jangwani na zizi kubwa hivyo. Kitabu hicho kinathibitisha utajiri, siyo upweke. Kura hiyo ihamie kwa Kibokoni.

#24 Mlelewa_wa_Peramiho

Chuma, Wabenedikto wa Ruvuma wana ng'ombe, karakana na kiwanda cha uchapaji, na bado saa kumi na moja alfajiri wako kimya kanisani. Vyote viwili vinawezekana.

#25 MamaTumaini_Leeds

Hati za Kale, kitabu chenyewe kiko kisiwani?

#26 Hati_za_Kale

Hapana dada, kiko Maktaba ya Uingereza, London. Kaskazini kinakwenda kwa kuazimwa: Durham 2013, Newcastle 2022. Watu wa kaskazini wengi wanaona kingerudi nyumbani kabisa, nami naona hivyo.

#27 Mwalimu_Zamani

Kwa mtakaofika kisiwani, msipite jumba la makumbusho la magofu bila kuingia. Kuna jiwe la kaburi la karne ya 9. Upande mmoja wamechongwa watu saba kwenye safu, silaha zimeinuliwa, mapanga na mashoka. Upande wa pili msalaba, jua na mwezi, na watu wanaosali. Wengi wanasema ni kumbukumbu ya 793. Wengine wanasema ni Siku ya Hukumu. Mimi nimelitazama mara mbili, na kila mara nimeona jambo tofauti.

#28 Kibo_Kaskazini

Nimesoma yote, baadhi mara mbili. Dereva wa Gateshead, mke wangu amenisomea bandiko lako kwa sauti, kisha akaniambia niweke simu chini.

Tunarudi mwezi wa kumi na mbili kwa ajili ya mabata wa Bi Uroa. Kuna njia ya mahujaji pia, ile ya nguzo mchangani, wengine wanaipita Ijumaa Kuu wamebeba misalaba. Nataka kuipita kwa miguu. Nahodha, shikamoo, nikikutumia jedwali la siku hiyo utanisomea?

#29 Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Nitumie. Ila uanze kutembea maji yakiwa bado yanapwa, usisubiri yapwe kabisa, na uwe ng'ambo kabla hayajageuka. Viatu uvue, tope lile litavishika.

#30 Bi_Uroa

Soksi avae lakini, Nahodha! Mwezi wa kumi na mbili? Hujaiona baridi ile wewe.